Simu Kutoka Makaburi ya Wapolandi

Juzi niliingia duka la vifaa vya nyumbani kule Harrow kutafuta balbu. Mzee wa Kihindi mwenye duka alikuwa anamimina mafuta ya taa kwenye dumu, na harufu ile ikanisimamisha pale pale mlangoni. Nyie, harufu ya mafuta ya taa London! Mzee akaniuliza, kwa Kiswahili chake cha Nairobi, kama naumwa. Nikamwambia hapana, nimemkumbuka jirani.

Jirani mwenyewe alikuwa Mpolandi, jina lake Bibi Zofia. Mimi na Mama tulikaa Wembley, kwenye fleti ndogo ya ghorofani, na yeye alikaa mlango wa pili. Siku ya kwanza kuingia kwetu alikuja kugomba. Mama alikuwa anatwanga vitunguu saumu kwenye kinu, na ukuta wa kati ulikuwa mwembamba kweli. Bibi akasimama jikoni mikono kiunoni, akafungua mdomo, halafu macho yake yakapanda juu ya friji. Hapo palikuwa na taa ya chemni ya bibi mzaa mama, ambayo Mama aliletewa kutoka kwao Tengeru, na ambayo ilinuka mafuta hata baada ya kuoshwa kwa sabuni. Ugomvi wote ukayeyuka.

"Hii taa," akasema kwa Kiswahili, "sisi iko nayo Tengeru!"

Mama aliangusha mchi.

Basi akakaa, akamiminiwa chai, akatueleza. Alipokuwa mtoto, vita ile kubwa iliwatoa kwao, yeye, mama yake na mdogo wake Hania. Wakapelekwa kwenye theluji ya Warusi, wakatoka huko mifupa mitupu, wakapitia Uajemi, na mwisho wakateremshwa Tengeru, chini ya Mlima Meru, kwenye kambi ya Wapolandi yenye nyumba za duara zilizoezekwa nyasi. Kiswahili alikiokota hapo kwa watoto wenzake na kwa akina mama wauza ndizi, na hakikukua pamoja naye. Bibi wa watu, mvi kichwa kizima, aliongea kama mtoto anayelilia ndizi. Mimi niliyezaliwa hapa nilikuwa namjibu kwa Kiingereza, na yeye ananikaripia: "Ana! Sema vizuri!" Jina langu ni Anaeli, lakini kwake lilikuwa refu mno.

Na majivuno aliyokuwa nayo, weee! Kila kitu duniani kilikuwa na Mpolandi nyuma yake. Taa ya chemni? Ya kwanza ilitengenezwa na mfamasia wa kwao, aliyechuja mafuta mwenyewe, na madaktari wakafanya upasuaji kwa mwanga wake. Ndege ikipita juu, ananyoosha kidole: vijana wa kwao walipigana kwenye anga hii hii ya London, na nani anawakumbuka? Nikifungua kompyuta, ananieleza habari za wanahisabati wa kwao waliofumbua maandishi ya siri ya Wajerumani kabla Waingereza hawajaanza. "Watu ya kwetu iko fanya kazi," alisema, "watu ingine iko pata jina."

Mama alimchokoza. "Na chapati, Bibi? Chapati nayo ni ya Mpolandi?"

"Chapati bado mimi natafuta," akajibu, na wote wawili wakacheka mpaka machozi.

Hania peke yake ndiye ambaye Bibi hakumfanyia utani. Malaria ilimchukua akiwa mdogo sana, akazikwa kule kule Tengeru, kwenye makaburi ya Wapolandi, na Bibi hakurudi tena kuliona kaburi. Kwao, Novemba mosi watu huwasha mishumaa makaburini, na kaburi lililoachwa gizani siku hiyo ni aibu kwa ukoo mzima. Kwa hiyo mwaka ule Mama alipopata karatasi zake za ukaazi na kukata tiketi ya kwenda nyumbani, Bibi Zofia alikuja amevaa koti lake zuri, akaomba jambo moja tu. Moyo wake ulikuwa mbovu, ndege hawezi tena. Mama amwashie Hania mshumaa.

Mama akakataa. "Mimi nimeokoka, Bibi. Kuwasha moto makaburini ni mambo ya mizimu."

"Mizimu gani? Hania iko mtoto!"

"Hata hivyo. Halafu nafikia kwa kaka yangu Arusha mjini. Tengeru sijui kama nitafika."

Bibi alimtazama muda mrefu. Akaweka kikombe chini, akaondoka bila kuaga. Wakanuniana. Lakini hakukuwa na mtu mwingine wa kuniachia mimi, na mtoto haachwi na friji, kwa hiyo nikahamishiwa mlango wa pili na kibegi changu.

Niwaambie kitu kimoja hapa. Bibi mzaa mama alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, wakati karatasi za Mama zilikuwa bado. Alizikwa shambani kwake Tengeru, na Mama hakuweza kwenda kumzika. Watu walitoka mpaka Ilford kuja kutupa pole, wakajaa sebuleni, na Mama aliwapikia chai, akawagawia maandazi, akaingia shifti yake jioni ile ile ya kuhudumia wazee wa watu. Hakutoa chozi. Mimi nilidhani watu wazima ndivyo walivyo.

Novemba mosi ilifika. Bibi Zofia alivaa gauni jeusi, akapika supu nyekundu ya bitiruti, akasogeza kiti karibu na simu. Nilimwonea huruma. Nilijua Mama akishasema hapana, imetoka.

"Atapiga," akasema. "Mama yako kichwa ngumu kama mimi."

Simu ikalia mchana, supu ikiwa bado moto. Bibi aliinama ili wote wawili tusikie. Kulikuwa na upepo, na jogoo akiwika.

"Bibi," Mama akasema, "nimelipata. Jina lake linasomeka vizuri. Nimeng'oa majani, nimewasha. Unawaka."

Bibi akafumba macho, akasema maneno ya Kipolandi ambayo sikuyajua. Halafu kule upande wa pili Mama akaanza kulia. Si kilio cha kujizuia. Alilia kwa sauti, kama wanavyolia kwetu msibani. Mimi niliogopa nikashika gauni la Bibi.

"Lia, mtoto yangu," Bibi akasema. "Mimi iko hapa."

Akamwacha alie. Kisha akauliza, polepole kabisa, "Mishumaa iko ngapi?"

Mama akapenga kamasi. "Nimenunua miwili."

"Mimi najua. Sasa nenda kwa mama yako."

"Naogopa, Bibi."

"Usikate simu. Tembea. Mimi natembea na wewe."

Tukasikia nyayo zake, majani yakikwaruza, mtu akimsalimia njiani naye akiitikia. Bibi Zofia alikuwa amesimama wima sebuleni kwake Wembley, mkono kwenye simu, akihema kama mtu anayepanda mlima.

Mimi, mjinga mimi, nilimwonea wivu Hania. Nilidhani Mama kamlilia mtoto wa Kizungu asiyemjua, na mama yake mwenyewe hakumlilia. Ilibidi nikue, nami nizike, ndipo nijue kwamba mtu anaweza kushindwa kufika kwenye kaburi la mtu wake mpaka kwanza asimame kwenye la mtu wa mwenzake. Mama hakukataa kwa ajili ya wokovu. Alikataa kwa sababu kutoka kwa Hania hadi shambani kwa bibi ni mwendo mfupi sana.

Katika Wapolandi wote aliotuhesabia, Bibi Zofia hakujitaja hata siku moja. Na yeye aliyajua yote haya tangu jioni ile alipoweka kikombe chini. Mshumaa wa Hania aliutaka kweli, lakini hasa alikuwa akimtuma Mama kwenye kaburi la bibi yangu.