Kuku Weupe wa Mama

Mama alianguka baada ya kumkwaa kuku mweusi. Kuku alikuwa amelala kivulini chini ya migomba, kwenye udongo mweusi wa kijijini kwetu Kikwe, naye Mama alikuwa amebeba ndoo ya maji. Kuku alipona. Mama aliteguka mkono, na huko hospitali ndipo tulipoambiwa kwamba presha ya macho ilikuwa imeshakula sehemu kubwa ya uoni wake. Dawa ya matone ingelinda kilichobaki. Kilichokwenda kilikuwa kimekwenda.

Nilimwambia aache kufuga.

"Nikiacha nitafanya nini?" akaniuliza. "Nikae nikusikilize wewe?"

Nikawaza, kama mweusi hamwoni, basi apate mweupe. Kuku weupe wa kununua aliwakataa. Alisema hawajui kuatamia, wala hawajui kuwaita watoto wao mvua ikija. Kuku wake walitokana na wale wa bibi, mama yake mzazi, na uzao huo hakuwa tayari kuukatiza. Ikabaki njia moja, kuwapandisha na jogoo mweupe.

Jogoo nilimpata Arusha mjini, kwa mzee wa Kihindi muuza mabomba ambaye nyuma ya nyumba yake alifuga kuku kwa kupenda rangi tu. Nilipomwamkia na kumweleza habari za Mama, aliingia bandani mwenyewe, akatoka na jogoo kwapani.

"Mchukue," alisema. "Ila uniambie atazaa nini."

Vifaranga wa kwanza walipoota manyoya, hakukuwa na mweupe hata mmoja. Kulikuwa na weusi, wekundu, na wachache wenye mistari ambayo haikuwahi kuonekana kwetu. Mama alimshika jogoo, akampapasa mgongo. "Na weupe wako umeuficha wapi, baba?"

Nilimpigia simu yule mzee. Akacheka sana. "Weupe umo, umejificha. Subiri mabinti wakue, uwapandishe na baba yao."

Nilipomweleza Mama, aliweka kikombe chini. "Binti na baba yake? Hayo mfanye, lakini msinisimulie."

Tulisubiri. Matetea wale walikua taratibu, kama kuku wanavyokua, na macho ya Mama hayakutungoja. Alianza kuuliza nani ameingia hata nilipokuwa nimesimama mbele yake. Uzao wa pili ulipokua, karibu nusu walikuwa weupe. Asubuhi moja, akiwa amesimama mlangoni, Mama alinyoosha kidole.

"Yule pale, anaingia kwenye migomba."

Kweli, alikuwa anaingia kwenye migomba. Nilijifanya nakwenda kuwafungua mbuzi, maana sikutaka asikie sauti yangu wakati ule.

Furaha hiyo mwewe aliikatisha. Aliwapita weusi na wenye mistari, akachukua mweupe mmoja, kisha mwingine. Mama aliusikiliza ukelele mpaka ua uliponyamaza.

"Umenitafutia kuku ninaowaona, mwanangu," alisema. "Na mwewe naye ana macho."

Hakusema kwa kunilaumu, lakini nilikaa na maneno yale siku nyingi. Nilikuwa nimefikiria macho ya mtu mmoja tu. Mwishowe nilizungushia wavu sehemu ya ua iliyo karibu na jiko, nikaufunika na juu, weupe wakakaa humo pamoja na Mama. Wengine tuliwaacha watembee.

Sasa hata weupe anawaona kama ukungu unaosogea. Bado anawalisha kwa mkono wake, na kila kifaranga anayeota manyoya lazima nimweleze alivyo. Juzi alimpakata tetea mchanga aliyetoka rangi ngeni.

"Huyu yukoje?"

"Kijivu."

"Kijivu cha majivu au cha wingu?"

Nilimchukua mikononi mwake, nikampeleka juani, nikamfungua bawa na kumtazama vizuri kabla sijamjibu Mama.