Grisi Ndani ya Fainali Draivu

Siku uvumilivu wangu ulipokwisha nilikuwa nimesimama ofisini kwa Meneja wa Mitambo, mwanangu Ghati yuko mgongoni, na mezani kuna karatasi iliyokwisha kuchapwa. Ilisema kwamba mimi, mpakaji grisi wa karakana, nimeharibu fainali draivu ya kushoto ya eskaveta namba tatu kwa kuweka oili isiyofaa. Walichoniachia ni nafasi ya sahihi tu.

"Saini hapo, Mama Ghati, uende ukanyonyeshe," Fomeni akasema. "Nani anakufunga?"

Nikamrudishia kalamu yake. Nikamwambia nimehudumia mashine hizi miaka saba, nikiwa binti, nikiwa na mimba na nikiwa mzazi, na sitasaini ujinga wake. Sauti yangu ilipanda mpaka mafundi wa nje wakazima grainda ili wasikie vizuri. Sijutii.

Ninayaandika haya kwa mabinti wanaomaliza kidato cha nne na kutamani kazi za karakana. Kazi yenyewe ni nzuri. Ila uijue.

Siku yangu ya kwanza nilitoka kwetu Nyanungu na cheti changu ndani ya bahasha. Dhahabu ilikuwa imeleta mitambo mingi Tarime kuliko mafundi wa kuitunza, na kila mwenye shimo alitaka kukodi eskaveta. Nilidhani nitawekwa stoo, nikae kwenye kiti. Nikapelekwa kwa Fundi Mkuu, Mzee Shabani, mtu wa Tanga aliyehamia Tarime mjini zamani hata akaanza kutukana kwa Kikurya.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Unajua kusoma?"

"Nimemaliza fomu foo."

"Sijauliza umemaliza nini."

Akanipa kitabu cha mtambo, kurasa zimelowa mafuta, akaniambia nimtafutie oili ya fainali draivu. Nilitafuta mpaka saa sita mchana. Nilipoipata hakunisifu. Alisema, "Kesho utatafuta ya mashine nyingine, uone kama ni ileile." Haikuwa ileile.

Fainali draivu ni lile boksi la gia lililo mwisho wa kila cheni ya eskaveta. Mota inazunguka kwa kasi, gia za ndani zinapunguza ile kasi na kuigeuza kuwa nguvu, ndipo chuma kizito vile kinapanda mlima. Oili yake ni lita chache, imefungiwa peke yake, wala haichanganyiki na haidroliki. Ikiwa nyepesi mno, meno ya gia yanasagana. Ikiwa nzito mno haifiki kwenye bearingi, na bearingi kavu inaungua. Mtambo mmoja kitabu chake kinataka gia oili ya themanini-tisini. Mwingine unataka oili namba thelathini ya gia boksi, na ukiupa ile ya kwanza unaweza kuumiza sehemu za ndani. Kwa hiyo swali la oili gani ni nzuri halina maana. Uliza kitabu cha mashine hiyo kinasemaje.

Machimboni watu hawakuuliza. Walichovya vidole viwili, wakavisugua, iliyonata zaidi ndiyo ikashinda. Mzee Shabani alikuwa akiwapiga vidole kwa spana. "Hivi havijasoma," anasema.

Alinifundisha kusogeza mashine mpaka kizibo cha kumwagia kiwe chini kabisa, ndipo nifungue. Oili ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Nipitishe sumaku: unga laini wa chuma ni kawaida, vipande ni msiba. Na kila oili ninayomwaga nibakize kidogo kwenye chupa ya maji ya kunywa, niandike namba ya mtambo na tarehe. Rafu yake ya chupa ilifanana na duka la mganga, na mafundi walimtania hivyo. Yeye alijibu kwamba mganga hubahatisha.

Mzee alipostaafu nilihamishiwa kambi ya upande wa Serengeti. Msimamizi wa Karakana wa kule alikuwa mkali ila alisoma nilichoandika. Alipoondoka akaletwa huyu Fomeni, fundi wa malori. Lori analijua, simnyimi haki yake. Eskaveta hakuijua na hakutaka kuambiwa, hasa na mimi.

Masika ya mwaka huo, eskaveta namba tatu ilianza kuvuja fainali draivu ya kushoto. Tope lilikuwa limeingia pamoja na kipande cha waya, kikakata sili, zile pete mbili za chuma zinazozuia oili isitoke na uchafu usiingie. Niliandika kwenye daftari la mtambo: mashine isimame, sili ibadilishwe. Daftari lile lina karatasi ya kaboni, ukurasa wa juu unakwenda ofisini, wa chini unabaki kwangu.

Fomeni alisoma akacheka. "Mwenye shimo amelipia kazi, hajalipia maegesho. Weka wani foote, ile oili nzito ya gia, changanya na grisi. Ikiwa nzito itavujia wapi?"

Huko machimboni wanafanya hivyo sana. Grisi inaziba tundu siku mbili tatu, kila mtu anamwita aliyeiweka fundi. Ndani, gia zinachimba njia katikati ya grisi, inaganda pembeni, bearingi hazipati kitu.

"Siweki," nikasema.

"Mura, njoo," akamwita "kijana" kwa Kikurya opereta wa mashine hiyo, Chacha, aliyekuwa anasubiri kuondoka. "Mama ana mtoto, anaogopa kuchafuka. Weka wewe."

Chacha aliniangalia. Ana familia na yeye. Akaweka. Nami nikaandika chini ya ukurasa uleule: grisi imewekwa kwa amri ya Fomeni, mimi nimekataa.

Siku ya nne cheni ya kushoto iligoma mashine ikipanda kutoka shimoni. Upande mmoja umekufa, mwingine unasukuma, mtambo ukageuka ubavu kuelekea ukingo. Chacha aliteremsha haraka bakuli la kuchimbia la mashine, likakita ardhini, ndiyo sababu yu hai. Tulipofungua boksi, vipande vya bearingi vilitoka vimebandikwa ndani ya grisi kama njugu kwenye kashata. Nikajaza chupa yangu.

Wiki hiyohiyo wakachapa ile karatasi. Ukurasa wa juu wa daftari ulikuwa umepotea ofisini. Ningesaini, hakuna kambi kutoka hapa mpaka Sirari ambayo ingenipa hata tambara la kufutia mashine. Nilipokataa kusaini wakaniachisha kazi kwa uzembe. Hivyo ndivyo nilivyostaafu, kabla mtoto hajaota meno.

Sina hekima kubwa ya kuwaachia. Kisomeni kitabu cha mashine. Andikeni siku hiyohiyo, msiahirishe. Malalamiko yangu niliyapeleka kwa Afisa Kazi, nikaandika hivi:

"Mimi, mpakaji grisi wa miaka saba, nalalamika kuachishwa kazi kwa kosa nisilofanya. Naomba barua ya uzembe ifutwe, nirudishwe kazini au nipewe cheti safi cha utumishi. Naambatanisha nakala ya kaboni ya ukurasa wa daftari, wenye mwandiko wangu. Maelezo ya opereta Chacha, aliyekubali kuja mwenyewe. Ukurasa wa oili kutoka kitabu cha mtambo. Na chupa moja ya maji ya kunywa, yenye kilichotoka ndani ya fainali draivu ya kushoto. Naomba chupa isitikiswe. Aitwe Fomeni, ifunguliwe mbele yake, aulizwe hiyo ni oili gani."