Kaa la Moto Mguuni

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye hoteli ya chai hapa Kagoma, nimeketi mkabala na msimamizi wa duka la kijiji. Sukari ilikuwa imeadimika, lakini yeye alitoa yake mfukoni akamimina kikombeni bila kupima. Alisema siku hizi kiu haimwishi.

Mara tukasikia harufu.

"Mama, leo unachoma nyama?" akamuuliza mwenye hoteli.

Mama alikuwa akitazama chini ya meza. Kaa la moto lilikuwa limedondoka kutoka kwenye jiko lililokuwa kando ya meza yetu, likatua juu ya mguu wa yule bwana, na moshi ulikuwa ukifuka. Yeye aliendelea kukoroga chai.

"Tata, baba," mama akanong'ona, "ni mguu wako."

Akainama, akautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Mbona sisikii kitu?"

Hospitali walimwambia ni kisukari, kimeshaua hisia za miguu, na sukari aliyozoea inazidi kukichochea. Vidole vyake vikakatwa.

Jana dukani kwake sukari ilifika. Kila mtu kwenye foleni aliitazama bandeji ya mguu wa msimamizi, kisha akanyoosha mfuko wake. Nami nikanyoosha wangu.