Mama Mpya wa Kariakoo

Enzi zetu pale Kariakoo, wakati wa Mwingereza, kitu kipya kilikuwa habari ya mtaa mzima. Mtu akinunuliwa kanga mpya, majirani walikuja kuinusa kabla haijafuliwa. Kitanda kipya kikiletwa, sisi watoto tulirukaruka juu ya kamba zake zilizokaza mpaka tufukuzwe. Hata sufuria jipya lilipikiwa uji wa kwanza kwa heshima, tukaulamba mwiko kwa zamu.

Nilipofika miaka saba, neno hilo "mpya" likanigeuka. Mama alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Baba, fundi cherehani aliyeshonea barazani petu, akamwoa Bi Zuhura kutoka Kilwa. Shangazi Mwanaidi, aliyekuwa akinilea, akanishika bega mbele ya wageni.

"Haya, Tatu, umepata mama mpya!"

Mama mpya! Kama sufuria! Kesho yake tukicheza rede, Mwajuma, mchokozi kuliko wote, akasema, "Kipya kikichakaa kinatupwa. Na huyo akichakaa, baba yako ataleta mwingine." Nilimtandika mpira wa matambara usoni, lakini maneno yake yalikuwa yameshaniingia.

Kwa muda mrefu sikumwita Bi Zuhura jina lolote. Niliogopa kumpenda. Asubuhi moja akinisuka barazani, vidole vikinukia mafuta ya nazi, uvumilivu ukanishinda.

"Ukichakaa, Baba atakupeleka wapi?"

Vidole vikasimama. Baba naye akaacha kukanyaga cherehani. Nikajua leo nitachapwa.

"Nani kakwambia nachakaa?" Bi Zuhura akauliza.

"Si wewe ni mpya? Kila mtu anasema."

Akacheka mpaka kitana kikamponyoka. Kisha akanigeuza nimtazame, naye hakuwa akicheka tena.

"Nguo ndiyo mpya, mwanangu, kwa kuwa haijavaliwa. Mimi ni mgeni tu hapa kwenu, na mgeni anazoeleka. Mama yako ni yule aliyekuzaa, sikuja kumwondoa. Niite utakavyo, nitaitika."

"Hata Zuhura?"

"Hata Zuhura."

"Thubutu!" Baba akafoka, na sote watatu tukaangua kicheko. Siku hiyo nikamwita Mama Mdogo. Baada ya mfungo mmoja, bila kuambiwa na mtu, nikajikuta nasema Mama. Shangazi alipomtambulisha kwa wageni wa Idi, "Huyu ndiye mama mpya wa Tatu," nikadakia, "Si mpya, Shangazi, keshazoeleka!" Wageni walicheka. Mama akajifuta macho kwa upindo wa kanga, akasema ni moshi wa jikoni.

Siku hizi wajukuu zangu huniletea gauni la mtumba, limeshavaliwa Ulaya na mtu tusiyemjua, wananiambia, "Bibi, jipya hilo!" Nacheka, nalivaa. Wakikutana wao kwa wao, hata shikamoo ya mkubwa aliyekaa pembeni wanaisahau, ni "Kuna jipya?" tu. Wanalipata, na kabla hawajalizoea wameshalichoka. Sisi vipya vilitufikia kwa nadra, tukawa na muda wa kuvizoea. Mama Zuhura nilikaa naye miaka arobaini, na bado naiona michache.