Maneno Juu ya Maganda ya Ndizi

Mwezi uliopita mwalimu wa binti yangu aliniita shuleni, akaniambia kwa sauti ya kunipa pole kwamba mtoto ana disleksia, herufi zinamchezea machoni. Nikacheka mpaka akashangaa. Jamani, kumbe ina jina! Jumamosi yake nikapanda gari kwenda Tukuyu, bila sababu ya maana, nikitaka tu kunusa ile mvua. Ukishapita Kiwira ukungu unashuka mpaka barabarani, migomba inajitokeza mmoja mmoja, na mimi nikawa tena na miaka kumi.

Nililelewa na bibi, upande wa Ikuti, katika nyumba iliyonukia moshi na maziwa mgando. Mvua ilinyesha, ikapumzika kidogo, ikanyesha tena. Nilijua kila aina ya ndizi shambani kwa jina lake, ila kitabu kikifunguliwa tu, herufi zilianza kutembea. Nilikuwa nimesharudia darasa la kwanza. Nilipofika la tatu, mwalimu mkuu akasema nitasoma mbele yake siku ya Ijumaa. Nikishindwa, narudi darasa la kwanza nikakae na mdogo wangu. Aibu gani hiyo! Moyoni nilikuwa nimeshakata shauri: nikirudishwa, shule basi.

Mwalimu wetu wa darasa, mama mwembamba asiyevua sweta mwaka mzima, hakukubali. Kila siku baada ya vipindi alinibakiza, akachukua mkasi na karatasi za mifuko ya saruji. Alitaka nimletee maneno ya nyumbani, yale niliyoyazoea mdomoni. Nikampelekea neno kulima. Akaandika mkulima, kilimo, tunalima, kisha akayakata vipande vipande, na kile cha katikati, lim, akakipaka rangi nyekundu.

“Huu ndio moyo wa neno,” akasema. “Ukishauona moyo, mikono na miguu isikutishe.”

Kwa mara ya kwanza herufi zilitulia. Vipande vyangu nikavitunza kwenye kopo la maziwa, karibu na mafiga.

Alhamisi jioni nilirudi kutoka kuteka maji nikamkuta bibi anapuliza moto. Kuni zilikuwa zimelowa, naye alikuwa amewashia vikaratasi vyangu vyote. Kwake ilikuwa mifuko ya saruji tu. Nililia mpaka nikakaa chini. Bibi, ambaye hakuwahi kuingia darasani, aliniuliza taratibu vilikuwa vya kazi gani, nikamweleza kwa kwikwi. Akavuta ndizi za jioni, akaanza kumenya. Kisha akanisogezea ganda bichi na mwiba.

“Andika hapa, mjukuu wangu.”

Nikakwaruza. Utomvu ukatoka, na baada ya muda herufi zikaanza kuwa nyeusi zenyewe, polepole, huku tukizitazama. Bibi akakata kwa kisu pale nilipomwonyesha. Tulipofika kwenye lim nikamwambia linavyosomeka, akaligusa kwa kidole. “Hata kwa lugha yetu ni hivyo hivyo,” akasema. “Ukulima.” Chungu kikachemka, mvua ikapiga bati, naye akawa anaokota ganda moja moja na kuniuliza. Mengine aliyasoma kabla yangu. Nilidhani anabahatisha.

Asubuhi maganda yalikuwa meusi tii, halisomeki hata moja. Nikaenda mikono mitupu. Nilisoma kwa kusitasita, nikiutafuta moyo wa kila neno, jasho likinitoka, mpaka mwalimu mkuu akafunga kitabu na kusema nibaki darasani kwangu.

Siku ya kufunga shule bibi alikuja na kitenge chake cha kanisani, mkungu wa ndizi kichwani, zawadi ya mwalimu wangu.

“Ndaga fijo, mwalimu, asante sana,” akasema. “Huyu anapanda la nne. Na mimi je, mnaniweka la ngapi?”

Walimu wakacheka, wazazi wakacheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Bibi akatabasamu, akajifunga kitenge vizuri, tukashika njia ya nyumbani.

Nyumba ile haipo tena. Migomba imeng’olewa, pamepandwa maparachichi kwa mistari iliyonyooka, na bibi amelala makaburini tangu zamani. Jumamosi ile nilisimama pale nikilowa, na inaniuma kukwambia nilichokielewa nikiwa mtu mzima hivi: bibi hakuwa anatania. Alikuwa anasubiri jibu.