Neno Bure

Mtu akinitajia ushiriki wa wanachama, nakaza mkono kwenye mkoba wangu. Sikuwa hivi. Zamani ni mimi niliyekuwa nikiwasukuma watu wajiunge na baraza letu la mtandaoni, nikiwaonyesha pa kubonyeza, nikiwachagulia hata picha ya kuweka.

Baraza lilikuwa la watu wa Arua na Koboko. Mwenye mihogo kule Logiri aliandika bei yake pale, aliyefiwa alitangaza msiba, aliyepotelewa na mbuzi alilalamika. Wakikamata mwizi walimpiga picha na kuandika chini yake: mwenye kumjua mtu huyu aje. Mwenye baraza alikuwa kijana wa jirani yetu hapa Arua, aliyekwenda Kampala kusomea kompyuta na huko akabaki. Mimi ni fundi cherehani. Aliniomba niwe msimamizi kwa sababu nashinda nimekaa mahali pamoja na simu iko kando yangu. Kila nikimaliza mshono, nilishika simu na kufuta takataka.

Na takataka zilikuwapo. Bando za bure, mikopo ya bure, kazi za Kanada na tiketi ya ndege bure. Kulikuwa pia na dawa ya kurudisha mume, na hiyo pekee haikuwa ya bure. Nilifuta mpaka kidole kikaota sugu upande ambao sindano haijawahi kufika.

Kijana akaona nachelewa. Akatengeneza chujio: ujumbe wowote wenye neno bure na namba ya simu pamoja, unazuiwa. Nilimpigia siku hiyohiyo nikamwambia anatufunga midomo. Huku kwetu mtoto mvivu ni bure, barabara mbovu ni bure, ukitembea na usipate ulichokifuata umetembea bure. Ukitoa neno hilo kwenye Kiswahili chetu cha West Nile, watu watabaki wanatazamana. Akacheka, akasema, anti, watu wajifunze Kiswahili sanifu. Yeye mwenyewe hamalizi sentensi bila kukimbilia Kiingereza. Basi nikamwomba walau yale yanayozuiwa yaje kwangu niyapitie kwa macho, akakubali. Kwa muda yalikuja, na niliyaachia kwa mkono: huyu analia mvua imenyesha bure, yule fundi wa pikipiki amemlia hela bure. Halafu yakaacha kuja. Nilidhani matapeli wamechoka, nikashona kwa amani.

Jambo lake la pili lilikuwa nyota. Ukijiunga unaitwa Mgeni. Watu wakipenda maneno yako unapata nyota, unakuwa Mwenyeji, kisha Mzee wa Baraza. Mgeni hafunguliwi picha wala maongezi yaliyo chini ya picha. Anaona kibox cha kijivu chenye kufuli mpaka wenzake wamempendapenda kwanza. Kijana alisema hiyo itawafanya watu waongee, na kweli waliongea. Walitakiana asubuhi njema mpaka saa saba mchana. Kuna mmoja pale sokoni, mdogo kuliko kitinda mimba wangu, alipata uzee wa baraza kwa asubuhi njema tupu. Akaanza kutuamkia kwa sauti nzito.

Wakati huo ndipo mama mmoja muuza mihogo ya kukaanga huko Adumi alipoweka picha ya mzee. Aliandika kifupi kama wanavyoandika wote: mwenye kumjua mtu huyu aje Adumi. Chini yake, watu walipouliza, akaeleza zaidi. Mzee alishuka kwenye lori la mkaa siku ya soko, akakaa karibu na kikaango chake, na jioni hakujua kwao ni wapi. Anaongea Kiarabu cha Juba, anaimba nyimbo za kanisani, jina lake halikumbuki. Mama alimlaza jikoni kwake, akampa sweta ya mumewe. Mimi niliuweka ujumbe ule juu kabisa ya baraza ili asikose kuuona mtu yeyote. Mioyo ikamiminika, na vile vijiuso vya kulia machozi. Mama wa Adumi alipata nyota nyingi. Mwenye mzee hakuja.

Mvua za mwanzo zilipokatika, mama akaandika palepale chini ya picha kwamba mzee ameshikwa na homa na amefariki, watu wa kanisa wamemzika. Mioyo ikamiminika tena, mingi kuliko ya kwanza. Niliona uchungu, lakini ni uchungu wa msiba wa watu, na nilikuwa na sare za shule za kumaliza.

Kisha nikaenda Koboko kununua vitambaa. Nikienda Koboko sirudi bila simsim ya kusagwa, na ninaye kastoma wangu, maana huku hata muuzaji tunamwita hivyo, mama mmoja mkimbizi kutoka Sudan Kusini anayelima huko Midia na kuuza sokoni. Huwa ananiita kabla sijamfikia. Siku hiyo alinipimia kimya, uso kaugeuza upande, na hakuniongeza hata kijiko. Nikamuuliza kama nimemkosea.

"Nyinyi watu ya baraza iko na roho ngumu," akasema. "Mimi naandika juu ya baba yangu, hakuna hata mutu moja anasema pole."

Nikamwambia sijaona alichoandika. Akatoa simu chini ya gunia akanionyesha, na kweli maneno yalikuwapo. *Mimi iko natafuta baba yangu bure. Yeye mzee, kichwa inasahau. Mwenye ameona, piga hii namba.* Aliyaandika mara tatu, na chini ya kila mara hakuna kitu. Nikafungua simu yangu, hayapo. Tukaziweka simu mbili juu ya gunia la simsim, baraza lilelile, saa ileile. Yake ilikuwa na kilio chake mara tatu. Yangu, mahali palepale, ilikuwa na Mzee wa Baraza akinitakia asubuhi njema.

Mkono wangu ulifungua picha ya Adumi kabla akili haijafika. Kwake ile ilikuwa kibox cha kijivu chenye kufuli. Aliniambia aliiona wiki zote zile pale juu, akasoma mwenye kumjua mtu huyu aje, akadhani ni mwizi amekamatwa. Ili kufuli lifunguke ilitakiwa watu wayapende maneno yake, na maneno yake hakuna aliyeyaona. Nikampa simu. Akamsogeza baba yake karibu na macho.

"Nani alivalisha yeye hii sweta?"

Nikamweleza habari za mama wa Adumi. Akasema niende nimwambie asante. Ikabidi sasa nimwambie na lililobaki, na nililisema nikitazama mizani yake, kwa sababu usoni nilishindwa. Alifunga mdomo wa gunia, akaufungua, akaufunga tena.

Nilimpigia kijana nikiwa palepale sokoni. Hakuona aibu. Alinieleza kama mwalimu: anayezuiwa waziwazi hujifunza kukwepa, kwa hiyo afadhali aachwe aone maneno yake yamepita, ila wengine wasiyaone. Jambo hilo linaitwa kivuli. Nikamuuliza kwa nini hayakuja kwangu. Akasema nilikuwa naachia mengi mno, na wasimamizi wana ndugu wanaowapendelea. Mfumo umefanya kazi yake, anti. Nilimtamkia neno ambalo mwanamke wa umri wangu hapaswi kulitamka sokoni. Akaniahidi kuliondoa neno bure kwenye chujio siku hiyohiyo. Kabla ya kukata akauliza kama yule mama angekubali kuandika kisa chake, maana visa kama hivyo vinainua sana ushiriki.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, walisema wa kale, na hawakuwa wamemwona mwenye mtandao.

Kastoma wangu nilimweleza yote, chujio, kivuli na kufuli. Alinisikiliza mpaka mwisho na hakuamini neno. Ningekuwa yeye nisingeamini pia. Huku kwetu unaweza kukosa harusi ya mtu na mkacheka baadaye. Ukimnyamazia msiba, umemwambia yeye si mtu.

"Dada, mashini hajui mimi," akasema. "Mutu anasoma, ananyamaza. Sema tu hivyo."

Tulikwenda Adumi pamoja. Mama wa mihogo alitupeleka kaburini, kisha akarudi kwenye kikaango chake akilia. Binti wa marehemu alichota udongo wa kaburi akaufunga kwenye pindo la lesu aliyojifunga, ili msiba ukafanyike kwake Midia. Hakuniomba nimshikie chochote. Nilirudi Arua na hasira ambayo mpaka leo sijapata pa kuiweka.

Usimamizi niliuacha. Nikabaki mwanachama kama wengine, na nikatangaza msiba mwenyewe, kwa maneno ambayo kila mtu wa soko la Koboko anayaelewa: *Baba ya dada yetu wa Midia amekufa bure. Msiba iko kwake. Mwenye kutaka njia, apige namba yangu.* Neno lile niliandika kwa kusudi. Niliahidiwa kwamba limeondolewa, na sikuwa na neno jingine la kifo kile. Ujumbe ukapita, ukakaa vizuri kabisa.

Siku ya msiba nilifika Midia mapema. Walikuwa wametandika mikeka ya kutosha watu wengi, sufuria ya maharage ilikuwa kubwa. Walikuja majirani wa karibu na watu wa kanisa lao. Mchana ukapita. Mikeka ya pembeni haikukaliwa na mtu. Nilikuwa natoa simu, natazama tangazo langu, narudisha, natoa tena. Lilikuwa pale, na chini yake hakuna kitu. Watu ninaowashonea nguo, watu niliowazikia wazazi, hakuna aliyeandika pole. Niliwachukia mmoja mmoja kwa majina.

Mwenye msiba aliona ninavyohangaika. Akaja akakaa karibu nami kwenye mkeka, akaitazama simu yangu, akasoma tangazo lote taratibu huku midomo ikichezacheza. Halafu akatoa simu yake, akafungua baraza, akalitafuta. Akashusha, akapandisha, akashusha tena. Halikuwapo.

Akaziweka simu mbili juu ya mkeka, kama tulivyofanya juu ya gunia. Akanishika mkono.

"Pole, dada," akasema.