Foleni Iliyohamia Mtaa wa Poplar

Saa mbili kasorobo asubuhi, Daria Hrynkiw anasimama ukingoni mwa Barabara ya Sita, mbele ya shule ya msingi ya Larkdale, mji mdogo wa Manitoba, Kanada. Amevaa kizibao cha njano chenye mistari inayong'aa. Foleni ya magari imeshafika kituo cha mafuta. Karibu kila gari limembeba mtoto mmoja tu.

Pikapu moja inapanda juu ya njia ya waenda kwa miguu na kusimama hapo. Daria anagonga kioo. Ndani yumo Curtis Lavallee, fundi wa matrekta, pamoja na bintiye wa darasa la pili.

"Curtis, hapa hapasimamwi. Mshushe kule uwanja wa magongo, atatembea."

"Atembee na hawa wanaoendesha kama wendawazimu?"

"Wewe umekuja mwendo gani?"

Curtis anacheka kidogo. "Mama, nimechelewa zamu. Ukistaafu sijui nitagombana na nani."

Mtoto anashuka pale pale. Nyuma yao honi zinaanza kupigwa.

Kuvusha watoto si kazi ya Daria. Ana miaka 59, na ndiye mhandisi pekee wa trafiki wa mji huu. Nafasi ya mvushaji iko wazi tangu mwaka jana. Inalipa dola 17 kwa saa, saa mbili kwa siku, na hakuna aliyeiomba. Basi anakuja mwenyewe kabla ya kwenda ofisini.

Alizaliwa katika shamba la ngano nje ya mji, akasomea Winnipeg, mji mkuu wa Manitoba, akarudi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuipanua barabara hii hii, malori ya nafaka yapite bila kusubiriana.

"Nilikuwa kijana," anasema. "Nilidhani barabara ni bomba la maji. Ukiongeza upana, mambo yanatiririka. Watu walinipongeza sana."

Miaka kadhaa baadaye halmashauri ilipewa kiwanja cha bure kando ya barabara hiyo, ikaamua kuhamishia shule hapo. Daria aliwaambia madiwani kwamba watoto hawawezi kuvuka barabara aliyoijenga kwa ajili ya malori. Walimsikiliza, wakamshukuru, wakapiga kura, na shule ikajengwa. Kisha mabasi ya watoto wanaoishi karibu yakafutwa ili kubana matumizi, na wazazi wakaanza kuwaleta kwa magari.

"Uamuzi ulikuwa wao," anasema. "Malalamiko yakaletwa mezani kwangu."

Septemba mwaka jana alipata ruhusa ya kujaribu wazo lake. Kila asubuhi na kila mchana, kipande cha barabara mbele ya shule kingefungwa kwa magari. Aliyejitolea kupanga vizuizi ni Walter Friesen, fundi aliyefanya naye kazi kwa miaka ishirini hadi alipostaafu. Walter na mkewe Agatha waliishi Mtaa wa Poplar, nyuma kabisa ya shule.

Wiki zile za mwanzo Daria anazikumbuka vizuri. Watoto walikuja kwa baiskeli. Wengine walichora kwa chaki katikati ya lami, mahali ambapo siku chache nyuma hakuna aliyethubutu kuweka mguu.

Lakini magari hayakwisha. Yalihamia Mtaa wa Poplar. Walter alimwambia, kwa upole wake wa kawaida, kwamba siku hizi anashindwa hata kutoa gari uani. Daria akaahidi kuweka vibao vya kukataza kuegesha. Vibao vilihitaji idhini ya halmashauri, na halmashauri ilikuwa haijakutana.

Novemba, asubuhi ya siku ya shule, Agatha alipatwa na mshtuko wa moyo akiwa jikoni. Alipiga simu mwenyewe. Walter alikuwa kazini kwenye kizuizi. Aliposikia king'ora alivuta kizuizi pembeni haraka ili gari la wagonjwa lipite. Gari halikupita kwake. Lilikata kona, likaingia mtaani kwake, likakwama katikati ya magari yaliyoegeshwa pande zote mbili. Wahudumu walishuka wakakimbia na machela.

Agatha alifariki kabla ya kufikishwa hospitali. Daktari alisema huenda asingepona hata kama wangemwahi.

"Kila mtu ananikumbusha hiyo 'huenda'," Daria anasema. "Wanadhani inasaidia."

Baada ya mazishi alimpelekea Walter sahani ya pirogi, vitumbua vya unga vya kuchemsha vilivyojazwa viazi. Walikaa mezani bila kuzigusa. Hatimaye Daria alimwomba aseme chochote, hata amtukane.

"Nikutukane kwa lipi?" Walter alimjibu. "Vizuizi nilivipanga mimi."

Kisha akaongeza: "Ila usije tena, Daria. Sijakasirika. Nikikuona naiona ile asubuhi."

Daria hajarudi tena kwake. Wakikutana dukani, Walter humwinamishia kichwa na kugeuzia toroli lake upande mwingine.

Mwezi uliofuata jaribio lilifutwa, na magari yakarudi Barabara ya Sita. Mei mwaka huu mvulana wa darasa la nne aligongwa kwenye kivuko, akavunjika mguu. Siku ile simu ya Daria haikunyamaza. Watu walitaka kujua kwa nini hafanyi kitu.

Binti yake aliyeko Calgary anamsihi aache kazi hata kabla ya Juni ijayo, mwezi wake wa kustaafu. Daria halali vizuri, na ameacha kupita Mtaa wa Poplar hata kwa miguu. Ameshaambiwa kwamba nafasi yake haitajazwa. Mji utakuwa ukiita kampuni kutoka Winnipeg inapobidi.

Kengele ya shule inalia. Ndani ya dakika chache barabara inabaki tupu, pana kama uwanja wa ndege. Lori la nafaka linapita kasi na upepo wake unakipeperusha kizibao cha Daria.

Anapoulizwa ana mpango gani kwa miezi iliyobaki, anasema atapeleka tena ombi la kurudisha mabasi. Limeshakataliwa mara nne, na madiwani ni wale wale.

"Watakataa," anasema. "Nitalipeleka tu, isije ikasemwa kwamba hakuna aliyeomba."

Anaitazama lami kavu ya Oktoba.

"Natumaini theluji itawahi mwaka huu. Barafu ikishika, madereva wanapunguza mwendo wenyewe. Kwa miaka yote hii, sijaona kitu kingine wanachokiogopa."